DAKIKA 38 ZA UNGUJA SI MZAHA

Kila mgeni atembezwaye Forodhani, Unguja, huelezwa kwamba mbele ya jumba la Beit el Ajaib ndipo vilipopiganwa vita vifupi kuliko vyote katika historia ya dunia. Mgeni hucheka, akaandika katika daftari lake, kisha akaendelea na matembezi. Vita hivyo vya tarehe 27 Agosti, 1896, vilidumu kwa dakika 38 kwa hesabu ya waandishi wengine, na kwa dakika 45 kwa hesabu ya wengine. Katika muda huo, ambao chungu cha kunde hakijaiva, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Hatuoni cha kuchekesha hapo.

Leo tumekusudia kueleza habari za manowari moja ndogo iliyokuwamo katika vita vile, jina lake Thrush, na habari za meli ya Sultani, Glasgow, iliyozama siku ileile. Tunafanya hivyo si kwa kupenda habari za mizinga, bali kwa sababu historia ya meli hizi mbili inatufundisha jinsi nguvu ya kigeni inavyoingia katika nyumba ya watu, na nani hulipa gharama baadaye.

Sisi tunaoandika safu hii tuko Mnyuzi, wilayani Korogwe, kwenye njia ya reli itokayo Tanga, katika nchi ya mkonge na mahindi. Msomaji wa visiwani atauliza kwa haki: watu wa bara wana habari gani na manowari? Jibu ni kwamba njia ya misafara iliyotoka Pangani kuelekea Kilimanjaro ilipanda kwa bonde la mto Pangani, ambao huku kwetu waitwa Ruvu. Kwa njia hiyohiyo waliteremshwa Wazigua, Wabondei na Wasambaa wengi, wakauzwa kwenda kulima na kuchuma karafuu za Unguja na Pemba. Historia ya Unguja haikuishia ufukweni, na yaliyotendeka mbele ya jumba lile yanatuhusu sote.

MELI MBILI, MTO MMOJA

Mwezi Aprili, 1872, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuziangamiza merikebu za Seyyid Barghash bin Said. Mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow ilitia nanga bandarini, na Sultani akataka apate meli ya mfano wake. Akaagiza kwa kiwanda cha William Denny na Ndugu zake, katika mji wa Dumbarton, nchini Uskoti. Meli ikashushwa majini mwaka 1878, na bei yake ilikuwa pauni 32,735. Ilikuwa na mbavu za chuma zilizofunikwa kwa mbao za msaji, milingoti mitatu, na injini ya mvuke ya kuzungusha rafadha. Juu yake iliwekwa mizinga saba midogo, ya namna ya kushindiliwa kwa mdomoni, pamoja na bunduki moja ya rashasha aina ya Gatling, ambayo ilikuwa zawadi ya Malkia Victoria.

Meli ilipofika, Sultani hakupendezwa nayo. Ikawekwa bandarini, ikakaa miaka mingi imefungwa kwa nanga yake, ikawa pambo mbele ya majumba ya kifalme.

Thrush ilishushwa majini tarehe 22 Juni, 1889, katika kiwanda cha Scotts, mjini Greenock. Miji ya Dumbarton na Greenock yote miwili imesimama kando ya mto mmoja, mto Clyde, mmoja ukingo huu na mwingine ukingo ule. Kwa maneno mengine, meli iliyouzwa kwa Sultani na manowari iliyokuja kupiga jumba lake zilitoka katika maji yaleyale, kwa mikono ya mafundi wa nchi moja.

Lakini hazikuwa sawa. Thrush ilikuwa na uzito wa tani 805 na urefu wa mita 50 hivi. Injini yake ilikuwa ya namna mpya ya zama zile: makaa ya mawe yalichemsha maji, na mvuke ukapita katika silinda ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, kila moja pana kuliko iliyotangulia, hata nguvu yake yote ikatumika kabla ya kuachiwa. Kwa hivyo iliweza kwenda mwendo wa maili 13 za baharini kwa saa, ikiwa na mabaharia 76 tu. Ilibeba mizinga sita ya inchi nne, iliyotiwa risasi kwa nyuma, si kwa mdomoni, na kwa hiyo ikafyatuliwa upesi. Nahodha wake wa kwanza alikuwa Mwana wa Mfalme George, mjukuu wa Malkia Victoria, ambaye mwaka 1910 alirithi kiti akawa Mfalme George wa Tano.

Manowari za namna hii hazikuundwa ili zipigane na manowari za mataifa makubwa. Ziliundwa ziwe nyepesi, ziingie katika maji machache, zisogee karibu na miji ya pwani isiyokuwa na ngome za maana. Kazi yake ilikuwa kuonekana. Mara nyingi ilitosha kwamba wenyeji waamke asubuhi waione dohani ikitoa moshi bandarini, na mkataba ukatiwa sahihi kabla ya adhuhuri. Ndivyo ilivyokuwa kwa Seyyid Barghash mwenyewe: mwezi Juni, 1873, alipotishiwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari, alikubali mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Jambo lenyewe lilikuwa jema, wala hatuna machozi ya kulilia soko lile. Lakini Waingereza walijifunza siku ile kwamba Unguja huweza kuamriwa kutoka baharini, na somo hilo hawakulisahau.

MLANGO ULIOFUNGULIWA NA NDUGU

Wahenga walisema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Ukichunguza utaona kwamba mara kadhaa manowari zilipofyatua mizinga katika pwani yetu miaka ile, zilitanguliwa na ugomvi wa urithi.

Huku kwetu, alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ufalme wa Wakilindi uligawanyika. Mjukuu wake, Shekulwavu, alikaa Vuga. Mwanawe, Semboja, alijiimarisha Mazinde, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki na baruti kutoka pwani. Wabondei wakaasi. Miaka ikapita watu wakitekana na kuuzana, na wafanyabiashara wa Pangani wakanunua mateka wa pande zote bila ya kuuliza nani mwenye haki. Wajerumani walipokuja walikuta nchi imekwisha kuchoka. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, na mwaka 1902 reli yao ilipofika Korogwe ilikuwa imekwisha kupita hapa Mnyuzi.

Kule Takaungu, mwaka 1895, alipofariki Liwali, Kampuni ya Waingereza ilimpa cheo Rashid bin Salim, ikampita Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliyeamini kwamba haki ni yake. Mbaruk akapigana. Mwezi Agosti mwaka huo Admeri Harry Rawson alishusha mabaharia wake, akaiteka ngome ya Mbaruk huko Mwele. Mbaruk akaendelea na vita vya msituni hata Aprili, 1896, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Miezi minne baadaye Admeri yuleyule alikuwa katika bandari ya Unguja.

Tarehe 25 Agosti, 1896, kabla ya saa sita mchana, Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Ilikuwa katika Mfunguo Sita wa mwaka 1314 Hijria, mwezi wa Maulidi. Binamu yake, Seyyid Khalid bin Barghash, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza kuwa Sultani. Hii haikuwa mara yake ya kwanza. Alijaribu mwaka 1893 na akashawishika kuondoka. Waingereza walimtaka Seyyid Hamoud bin Mohammed. Tangu mwaka 1890, Unguja ilipowekwa chini ya himaya yao, walikuwa wamejipatia kauli juu ya nani atawazwe na nani asitawazwe.

Hapa tuseme wazi, ili tusieleweke vibaya. Hatumtukuzi Khalid. Alikuwa mwana wa kabaila, na watu waliomzunguka walikuwa wenye mashamba waliokuwa na hofu ya kupoteza watumwa wao. Lakini haki ya kumkataa ilikuwa ya watu wa Unguja, wala haikuwa ya balozi wa nchi ya mbali. Na watu wa Unguja hawakuulizwa, si na Khalid, wala si na Hamoud, wala si na Waingereza.

ALHAMISI ASUBUHI

Siku Hamad alipofariki, Thrush ilikuwa tayari bandarini pamoja na manowari Philomel. Jioni ileile ikaingia Sparrow. Siku ya pili zikafika Racoon na St George, meli kubwa ya Admeri Rawson. Balozi Basil Cave akampelekea Khalid onyo la mwisho: ashushe bendera yake na kuondoka katika jumba kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27.

Ndani ya majumba walikuwamo watu wapatao 2,800. Baadhi yao walikuwa askari wa kifalme; lakini wengi walikuwa raia wa mjini, pamoja na mamia ya watumishi na watumwa wa nyumba ile. Walikuwa na bunduki chache za rashasha, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili ya nchi kavu ambayo ilikuwa zawadi ya Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Tazama, basi, ewe msomaji, silaha za dola ile: meli ya kununua Uskoti, rashasha ya zawadi ya Malkia, mizinga ya zawadi ya Kaisari. Nguo ya kuazima haisitiri mwili. Mwenye kukupa silaha hukupa ile anayojua jinsi ya kuishinda.

Na nje ya majumba, upande wa Waingereza, walisimama askari 900 wa Kizanzibari chini ya Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani. Watu wa mji mmoja, wanaosali misikiti mimoja na kuoana, walielekezeana bunduki ili kuamua nani akalie kiti ambacho hakuna hata mmoja wao angekikalia. Wako watakaobisha kuviita vita hivi vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sisi tunasema kwamba askari wa Unguja walipopanga safu kuwakabili watu wa Unguja, jina hilo lilikwisha kustahili.

Asubuhi ya Alhamisi Khalid alijibu kwamba hana nia ya kushusha bendera, na kwamba haamini kuwa watampiga. Saa tatu ikagonga. Saa tatu na dakika mbili Racoon, Thrush na Sparrow zikafyatua mizinga kwa pamoja. Kombora la kwanza la Thrush liliuangusha mzinga mmoja wa Khalid kutoka katika gurudumu lake. Majumba, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya mbao, yakaanza kuwaka yakiwa yamejaa watu.

Ndipo Glasgow, iliyokuwa haijapigana tangu kuundwa kwake, ikafyatua vijizinga vyake na ile Gatling ya Malkia dhidi ya St George. Tunawastahi mabaharia wale kwa ushujaa wao, ingawa walitumwa kufanya lisilowezekana. St George ikajibu, na makombora yake yakaitoboa Glasgow chini ya maji. Mabaharia wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha kwamba wamesalimu amri, wakaokolewa kwa mashua. Saa tano kasorobo meli yao ikazama, na kwa kuwa bandari ile haina kina kirefu, milingoti yake mitatu na dohani vikabaki vimechomoza juu ya maji. Thrush nayo ilizamisha mashua ya moshi ambayo watu wake waliishambulia kwa bunduki.

Kufika saa tatu na dakika 40, bendera ya jumba ilikuwa imeanguka na mizinga imenyamaza. Meli za Waingereza zilikuwa zimefyatua makombora 500 hivi na risasi za rashasha 4,100. Mwingereza mmoja tu aliumia, baharia wa Thrush, naye akapona.

NANI ALILIPA

Khalid alikimbilia katika ubalozi wa Ujerumani. Tarehe 2 Oktoba Wajerumani walimchukua kwa mashua ya manowari yao Seeadler mpaka Dar es Salaam, alikoishi mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916. Wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Hamoud alitawazwa siku ileile ya vita. Admeri Rawson aliondoka, na mwezi Februari, 1897, akaongoza jeshi lililoteka mji wa Benin huko Afrika Magharibi na kubeba hazina zake za shaba.

Wafuasi wa Khalid walitozwa rupia 300,000 kulipia makombora waliyopigwa nayo na hasara za uporaji uliotokea mjini. Linalotushangaza ni hili: mtu anapigwa mzinga, kisha anadaiwa bei ya baruti.

Waingereza walisema kwamba walikuwa wakipigana na utumwa. Ni kweli kwamba mwezi Aprili, 1897, Hamoud alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa katika sheria. Lakini mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe kuuomba mbele ya serikali, na katika miaka kumi walioandikishwa kuwa huru walikuwa 17,293 tu, katika nchi ambayo watumwa wake walikisiwa kuwa 60,000 mwaka 1891. Mizinga ya Thrush ilifanya kazi yake kwa dakika 38. Uhuru wa mchuma karafuu uliachwa utembee kwa miguu.

Na manowari yenyewe? Iliendelea kutumika katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Mwaka 1906 ikapewa kazi ya ulinzi wa pwani ya Uingereza, mwaka 1915 ikawa meli ya kutandaza nyaya za simu, na mwaka 1916 meli ya kuopoa vyombo vilivyozama. Tarehe 11 Aprili, 1917, ilipanda mwamba karibu na Glenarm, kaskazini mwa Ireland, ikavunjika. Mabaki ya Glasgow yaliondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 1912, lakini vipande vyake vingali chini ya maji ya bandari ya Unguja.

FUNDISHO

Hatukuandika haya ili kufufua chuki. Waliopigana wamekwenda mbele ya haki, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Tumeandika kwa sababu manowari haiingii katika bandari ya watu walioshikamana. Huingia kwa mlango ambao wenye nyumba wenyewe wameuacha wazi.

Wala tusidhani kwamba hayo yalikwisha pamoja na masultani. Mwezi Januari, 1964, Sultani wa mwisho, Jamshid, aliondoka Unguja kwa meli yake Seyyid Khalifa. Meli ya Waingereza Owen ilikuja kuwachukua raia wao, haikupiga mzinga. Mapinduzi yale yalikuwa na machungu yake, na wananchi wa visiwani wanayajua kuliko sisi. Lakini mwezi uleule, upande wa bara, askari wetu wenyewe waliasi katika kambi zao, na serikali yetu changa ikalazimika kuwaita Waingereza. Tarehe 25 Januari askari wao wakashuka Dar es Salaam kutoka manowari Centaur. Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba jambo hilo lilikuwa aibu kwa taifa. Tulikuwa huru, tulikuwa na bendera yetu, na bado mlango tuliufungua wenyewe.

Kwa hiyo tunathamini kila hatua ambayo Wazanzibari wamechukua kumaliza ugomvi wao kwa mazungumzo. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai, 2010, ambayo wananchi waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa, ilikuwa na thamani kubwa kuliko manowari yoyote. Makubaliano ya namna hiyo yanahitaji kulindwa kwa haki, si kwa maneno matupu. Na sisi tulio ndani ya Chama tuna wajibu wa kwanza katika jambo hilo, kwa kuwa mwenye madaraka ndiye mwenye funguo za mlango.

Tuna maombi mawili kwa wahusika serikalini. La kwanza: Beit el Ajaib, iliyonusurika mizinga ya mwaka 1896 na kisha ikaporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020, itakapokamilika kujengwa upya, pawekwe humo mahali pa kuwakumbuka waliokufa siku ile. Vitabu tunavyovisoma vinataja majina ya meli tano, ya Admeri na ya Balozi, hata baharia mmoja aliyejeruhiwa haachwi kutajwa. Lakini wale 500 ni hesabu tu. Wapo katika koo za Unguja, na pengine katika koo za huku Ruvu, wazee ambao bado wana habari ya babu aliyeingia katika jumba lile na hakutoka. Habari hizo zikusanywe sasa.

La pili: watembeza wageni na walimu wa shule wafundishwe kueleza vita hivi kwa heshima. Mgeni aambiwe kwamba vilikuwa vifupi kwa sababu upande mmoja ulikuwa na mizinga mipya na upande wa pili ulikuwa na watu katika nyumba ya mbao. Akisikia hivyo, hatacheka.